Sauti Iliyojulikana Mno

Siku yangu ya kwanza ya kusoma kitabu mbele ya maikrofoni nilifika saa moja na nusu asubuhi, nimevaa tai, ingawa jua la Lodwar lilikuwa limeshaanza kuchoma na hakuna msikilizaji ambaye angeiona tai hiyo. Sikuwa mgeni wa kazi ya sauti. Kwa miaka mingi nilikuwa mtangazaji wa redio. Nilisoma habari za mchana, na baada yake matangazo ya vifo: jina la marehemu, wafiwa, mahali pa mazishi. Familia zilitoka Kainuk na hata Lokitaung kuomba yasomwe na mimi, kwa sababu nilisoma polepole na sikukosea majina. Kwa hiyo redio ilipoombwa kurekodi vitabu vya sauti kwa wanafunzi wa sekondari, Mkuu wa Vipindi hakutafuta mtu mwingine.

"Lokwang, wewe ndiye sauti ya kaunti hii," aliniambia. "Ukisoma wewe, watoto watasikiliza."

Nilimwamini.

Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo, magodoro yamepigiliwa ukutani ili kuua mwangwi. Feni ilizimwa, maana maikrofoni husikia kila kitu. Maikrofoni yenyewe ilivishwa sponji ili herufi kama p na b zisipasuke masikioni mwa msikilizaji. Kabla ya kuanza tulirekodi kimya cha chumba, yaani sekunde kadhaa bila mtu kusema neno, ili mhariri apate cha kuzibia mapengo. Kila jaribio la kusoma tuliliita teki. Kitabu kilikuwa riwaya ya msichana wa miaka kumi na sita anayekimbia mbio ndefu na kugombana na kila mtu, kocha wake akiwa wa kwanza. Nilikimaliza kwa wiki sita, na teki za kurudia zilikuwa chache. Nilijivunia hilo.

Tulikijaribu kwanza katika shule ya wasichana nje ya mji. Spika iliwekwa juu ya meza ya mwalimu. Katika sura ya kwanza msichana anaficha viatu vya kocha, na sehemu hiyo ilikusudiwa kuchekesha. Hakuna aliyecheka. Wanafunzi walikaa wima, mikono mapajani, kama watu walioitwa kwenye kikao cha ukoo. Mama wa msichana wa kitabuni alipomwita kwa jina lake kamili, mwanafunzi mmoja wa safu ya pili aliinuka akatoka. Mwalimu wa Kiswahili alimfuata, kisha akarudi kwangu.

"Usiudhike, mzee. Baba yake alifariki mwaka jana. Alilisikia jina redioni, kwa sauti yako, kabla watu wa nyumbani hawajamfikia."

Nilitoka nje. Mwanafunzi yule alikuwa amesimama kwenye kivuli cha tangi la maji.

"Ejok," nilimsalimia kwa Kiturkana.

"Ejok-noi," aliitikia. "Wewe si mbaya, mzee. Ni vile tu nilikuwa nangoja useme ni nani amekufa."

Mkuu wa Vipindi alisema huyo ni mmoja tu. Mimi nilikuwa nimeziona nyuso za darasa zima. Niliomba kitabu kijaribiwe Kakuma, kwa wakimbizi ambao hawakuwahi kunisikia redioni. Kama tatizo ni matangazo ya vifo tu, nilifikiri, huko nitasikilizwa vizuri. Nilipelekwa kwa muda chini ya Msimamizi wa Mradi wa vitabu vya sauti huko, mama mkali aliyependa Kiswahili kilichonyooka.

Katika maktaba ya kambi walikaa vijana wa Sudan Kusini, Somalia na Kongo. Walinisikiliza sura nzima kwa adabu. Mwishowe Riziki, binti wa kutoka Bukavu, aliinua mkono.

"Muzee, unasomaka muzuri sana. Lakini huyu binti iko na hasira, na weye hauna."

Nilimpa kitabu. "Haya, soma wewe."

Alisoma amesimama. Alikimbia mahali nilipotembea, akameza silabi mbili tatu, akacheka kabla ya kufika kwenye viatu vya kocha. Kijana wa Kisomali aliyekuwa nyuma kabisa akasema, "Rudia hapo!" Siku hiyohiyo nilimwekea Riziki maikrofoni.

Msimamizi aliisikiliza sura ile akiwa amefumba macho.

"Lafudhi ni ya Kongo, Lokwang. Shule zinataka Kiswahili sanifu."

"Maneno yote ni ya kitabu, Madam. Hakubadilisha hata moja. Mdomo tu ndio wa Bukavu."

"Na wiki zako sita?"

"Zifutwe."

"Sura moja. Ipeleke Lodwar, uniletee jibu."

Nikaipeleka kwenye shule ileile. Ukurasa wa kwanza waliicheka lafudhi. Wa pili walivicheka viatu. Yule mwanafunzi aliyetoka mara ya kwanza alikaa mpaka mwisho, kisha akauliza, "Halafu?" Hilo ndilo jibu nililompelekea Msimamizi, naye akakubali Riziki akisome kitabu chote. Nilitia sahihi rekodi zangu zifutwe. Iliniuma kwa wiki kadhaa, kisha kazi ikawa nyingi. Baadaye nilisoma kitabu kimoja tu, cha historia, na kilisikilizwa kwa heshima zaidi kuliko furaha.

Nilibaki Kakuma nikisimamia wasomaji, upande wa pili wa kioo cha chumba cha kurekodia. Niliwafundisha kushika pumzi, kugeuza ukurasa bila kelele, na kutoigiza kila mhusika kwa sauti ya kuchekesha, maana kijana hutambua haraka mtu anayejifanya kijana. Riziki alikuwa katikati ya kitabu cha pili familia yake ilipopata nafasi ya kuhamia nchi ya mbali. Nilimjaribu msomaji mwingine, hodari, kwa sura zilizobaki. Maktaba nzima ilikataa: "Huyu si yeye."

Nilimwandikia Riziki. Alizirekodi sura tano kwa simu, akiwa amejifunika blanketi badala ya magodoro yetu. Nilizicheza maktabani wiki yangu ya mwisho kazini. Baada ya sentensi tatu, Nyandeng, binti wa Sudan Kusini, aliinua kichwa.

"Ana mafua."

"Huko kuna baridi," mwingine akasema. "Kwani hakupewa sweta?"

Walibishana kuhusu sweta hata ikanibidi nisimamishe rekodi, kisha nianze upya.

Sasa nimestaafu. Walioshika kazi yangu huniuliza sauti nzuri ya kitabu ni ipi. Sauti nzuri nimezisikia nyingi, na mimi mwenyewe nilikuwa nayo. Ile ambayo wasikilizaji waliihurumia ilipopata mafua, nimeisikia mara moja tu.