Malale ya Jirani Yangu

Mniwie radhi nikikiharibu kisa hiki. Jukwaani mikono hunisaidia, gazetini haionekani.

Juzi, kwenye dispensari ya Nyambureti, mama mmoja alimleta mumewe, aliyesinzia hata akiwa amesimama, ameegemea fimbo ya kuchungia. Mafua makali yalikuwa yamemwachia mwezi uliopita. Mama alikuwa akilia: huku kwetu kwenye mbung'o, anayesinzia mchana tunasema ana malale.

Dresa akampima damu, akainua kichwa kwenye hadubini. "Hana malale, mama. Usiku analala?"

"Alale wapi! Anakesha akiwaita ng'ombe kwa majina yao."

"Basi ni yale mafua. Homa huondoka mapema, usingizi ukachelewa kurudi. Utarudi tu."

Mama akacheka machozi yakingali mashavuni, akampiga mumewe kofi la begani. "Wewe! Nimekulilia bure, na ukoo mzima uko njiani kuja kukuaga!"

"Nani aliwaambia ni malale?" akauliza dresa.

Mama akanyoosha mdomo kuelekea benchi nililokalia. "Jirani yetu yule, bwana dresa. Anaandika gazetini, tukajua anajua."

Nikafumba macho upesi, nikaanza kukoroma.