Lori la Pili la Baba Mkwe

Jamani, leo nimembishia baba mkwe wangu mbele ya kamati nzima ya chama chetu cha kahawa, hapa Izigo.



Yeye ndiye mwenyekiti. Mimi ni karani wa mahesabu, kazi yangu ni kuwapigia hesabu kabla hawajaamua. Lakini kwetu nani humbishia baba mkwe hadharani?

Mzee alitaka chama kinunue lori la pili. Bwana DC, mkuu wa wilaya mwenyewe, alikuwa ameshalisifu wazo hilo. Kikapu cha kahawa ya kutafuna, ambayo kwetu ni ishara ya kukubaliana na kuaminiana, kikawa kinazunguka, na kila mjumbe akachukua punje akiitikia.

Kikanifikia. Sikuchukua. (Najua, ni tusi.)

Nikasimama. "Tata," nikamwita, yaani baba, "msimu ukiisha lori hili litalala tu. Dereva atalipwa, matairi yatachakaa juani, na mkulima ndiye atakayekatwa pesa."

Mjumbe mmoja aliacha kutafuna kabisa.

Mzee akanyoosha mkono, nikampa karatasi zangu. Akazisoma polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Ni kweli," akasema. "Hatununui."

Nikapumua. Nikapeleka mkono kwenye kikapu.

"Ngoja, mwanangu. Tuliponunua lori la kwanza, hesabu kama hizi ulikuwa nazo?"

Zilikuwa mezani kwangu, ndugu zangu. Wakati ule nilinyamaza kwa kumheshimu.

"Nilikuwa nazo, Tata."

Akakivuta kikapu kwake, akakifunika.

Nyinyi mngemjibuje?