Kichwa Namba Mia Mbili na Kumi na Nne

Kazi yangu ni kubandika namba. Kila asubuhi, kabla hatujafungua duka la kubadilishia fedha, napanda juu ya kigoda nje ya dirisha na kubadilisha tarakimu za plastiki kwenye bodi: safu ya kushoto bei tunayonunulia, safu ya kulia bei tunayouzia. Watu hudhani bei hizo nazitunga mimi. Zikipanda wananinunia, zikishuka wananichekea, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nimeamkaje. Isipokuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Yeye aliniita Bibi Bei, na kwa miezi saba alikuwa mtu wa kwanza kusimama mbele ya bodi yangu.

Mjomba alikuwa dereva wa treni. Aliendesha miaka thelathini na mmoja, na kati ya hiyo kumi na tisa alikaa kwenye kichwa kimoja tu cha treni, namba mia mbili na kumi na nne. Alijua kinavyokohoa asubuhi ya baridi, alijua ni skrubu gani ya dirisha inayolegea kikivuka daraja. Karakana ilipofungwa, kile kichwa kilikatwa vipande kwa gesi na kuuzwa chuma chakavu. Mjomba alikwenda kuangalia. Hakuna aliyemlazimisha, na mama alimsihi asiende, lakini huyo mtu haambiliki. Alisimama pale mpaka walipofika kwenye chumba cha dereva, kisha akarudi nyumbani, na marehemu mke wake alituambia kwamba siku hiyo alilala na viatu.

Kuna tabia moja ya madereva wa treni ambayo lazima niieleze, maana ndiyo iliyotufikisha hapa. Dereva akikuta taa nyekundu anasimama, na hajadiliani nayo. Mjomba aliwahi kusimamisha treni porini saa nne nzima mbele ya taa nyekundu ambayo kila abiria aliapa kuwa ni mbovu. Walimtukana yeye na waliomzaa. Saa nne zilipotimia, treni ya mizigo isiyokuwa kwenye ratiba ikapita mbele yao kwa kasi. Tangu hapo hakuna mtu aliyeweza kumwambia chochote kuhusu kusubiri.

Alipostaafu alijijengea njia yake katika chumba cha nyuma. Meza zilizounganishwa kutoka ukuta hadi ukuta, reli ndogo za chuma, stesheni kumi na sita alizozichonga kwa mbao za makasha, daraja, hata choo cha stesheni ya mwisho ambacho mlango wake haukufungika. Reli alizinunua nje, kidogo kidogo, miaka ile ambayo yuro ilikuwa bei poa. Mabehewa alikuwa nayo matano. Kichwa hakuwa nacho. Aliyasukuma mabehewa kwa kidole, stesheni hadi stesheni, mzee mzima na mvi zake, na mimi nilikuwa namcheka.

Siku moja nikamwonyesha kwenye simu yangu picha ambayo nusura imlize. Kiwanda kidogo cha nje, cha watu wanaotengeneza treni ndogo za kuigiza treni za kweli, kilikuwa kimetoa vichwa vichache vya aina ile ile, vyenye rangi za reli yetu na namba zetu. Moja ya namba hizo ilikuwa mia mbili na kumi na nne.

Mwezi huo huo daktari alimwambia kuhusu macho yake. Presha ya macho ilikuwa imekula uwezo wa kuona pembeni, pande zote mbili, na ilikuwa inaelekea katikati. Dawa ingechelewesha tu. Daktari alisema mwaka, labda usifike. Mjomba alikuja dukani kwangu moja kwa moja kutoka hospitali, akaniambia, "Bibi Bei, nataka nikione kikizunguka. Mara moja tu nikione. Nikishakiona, hayo mengine yatajijua."

Asubuhi hiyo yuro ilikuwa mia na ishirini na nane. Akiba yake ilitosha kununua kichwa na kukileta kwa ndege ndani ya siku kumi. Kilichopungua ni ushuru wa kukitoa forodhani, na ushuru huo unatozwa juu ya bei ya kitu pamoja na nauli yake, kwa hiyo anayelipa ndege anaumia mara mbili. Bei ilikuwa imeshuka wiki mbili mfululizo. Mimi, mtaalamu wa kupanda kigoda, nikamwambia, "Ngoja kidogo, Mjomba. Inashuka. Ikifika mia na ishirini utapata na ya ushuru."

"Una hakika?"

"Si ndiyo kazi yangu?"

Maneno hayo manne bado nayasikia hadi leo. Mjomba aliichukua ile mia na ishirini kama anavyochukua taa. Alianza kuja kila asubuhi, anasimama mbele ya bodi, mikono nyuma, anaiangalia, ananisalimu, anaondoka. Na yuro, ambayo haimjui mjomba wala mpwa, ikageuka na kuanza kupanda. Mia na thelathini na tatu. Mia na arobaini. Mia na arobaini na saba. Alipiga hesabu upya: ndege basi tena, sasa ni meli, na hata kwa meli, pamoja na ushuru, mwisho wake ni mia na arobaini. Nilipomwomba nimwongezee kutoka mfukoni mwangu alinikata kauli. "Sisafiri kwa tiketi ya mtoto," alisema.

Bei ilipofika mia na hamsini na moja nilishindwa kuvumilia. Miezi saba ilikuwa imepita. Asubuhi moja niliwahi kazini, nikapanda kigoda, na kwenye safu ya kuuzia yuro nikabandika mia na thelathini na tisa. Nilipanga akishanunua nirudishe bei ya kweli haraka, na tofauti niitoe kwenye mshahara wangu niiweke kwenye droo kabla meneja hajafika. Nilikuwa naangaza macho barabarani kama mwizi, na kwa kweli nilikuwa nafanya kazi ya mwizi, ila kinyumenyume.

Mjomba akaja kwa wakati wake. Akasimama, mikono nyuma, uso ameuinua. Nilimwangalia kupitia dirishani nikisubiri atabasamu. Hakutabasamu. Akasema, "Hujambo, Bibi Bei. Leo inasemaje?"

"Si hiyo hapo mbele yako, Mjomba?"

"Nisomee tu."

Hapo ndipo nilipomwangalia vizuri. Alikuwa ameelekeza uso kwenye kioo cha dirisha, umbali wa mkono mzima kutoka kwenye bodi. Nikakumbuka kwamba kwa zaidi ya mwezi yeye ndiye aliyekuwa akiuliza na mimi ndiye niliyekuwa nikijibu, nikidhani ni mazungumzo ya asubuhi. Ile bodi yangu ya uongo sikuwa nimembandikia mtu yeyote. Ilinibidi uongo niuseme kwa mdomo.

"Mia na thelathini na tisa," nikasema.

Kisha akaingia ndani akishika fremu ya mlango. "Taa ikiharibika," alisema, "dereva hapiti kwa maneno. Mkuu wa stesheni anamwandikia karatasi, anatia sahihi, na dereva anapita nayo mfukoni. Niandikie."

"Mjomba, mimi na wewe tena?"

"Hasa mimi na wewe."

Nikaandika bei na tarehe, nikatia sahihi. Sahihi ikatoka kama ya mtu mwingine. Aliikunja karatasi akaitia mfuko wa shati, akahesabu fedha zake kwa vidole. Alipotoka nikarudisha bei ya kweli kwenye bodi na kutia tofauti kwenye droo, na jioni hiyo nikatuma oda kwa simu yangu.

Muuzaji alijibu siku iliyofuata. Alikuwa mtu wa adabu. Aliandika kwamba anasikitika, namba mia mbili na kumi na nne ilikwisha mwezi uliopita. Kilichobaki ni kimoja tu, cha mwisho kabisa, rangi zile zile, bei ile ile, namba mia mbili na nane.

Niliusoma ujumbe ule nikiwa nimeketi kitandani kwangu. Ningeweza kutoka, kuvuka barabara na kumwambia. Badala yake nikajiambia kwamba namba yenyewe ni ndogo kuliko punje ya mchele, na kwa meli kitafika baada ya miezi mitatu, na macho yake ni yale. Niliyategemea macho ya mjomba wangu yaharibike kwa wakati ili nisiaibike. Naliandika hili wazi kwa sababu sioni namna nyingine ya kulibeba. Nikamjibu muuzaji: tuma.

Meli ilichukua wiki kumi na tatu. Wiki ya tano mjomba aliacha kwenda sokoni peke yake. Wiki ya tisa alimwaga chai mezani, akaomba kitambaa. Alipoulizwa anaonaje alisema anaona mwanga na kivuli, na kivuli kinashinda. Kila siku aliniuliza mzigo uko wapi, nami nilimwambia kwa kweli, bahari gani, bandari gani. Kwa hayo sikudanganya.

Forodhani ofisa alifungua boksi, akakigeuza kile kichwa mkononi, akaniuliza mtoto ana miaka mingapi. Nikamwambia sabini na mbili. Hakucheka, na alinitoza ushuru wote.

Niliingia nacho chumba cha nyuma alasiri. Mjomba alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, amevaa shati la kazi lenye vifungo vya shaba. Nikamwekea kichwa mikononi. Alikipapasa taratibu, akaanzia mbele kwenye taa, akapanda kwenye dirisha la dereva, akashuka ngazini, akahesabu magurudumu. Vidole vyake vilikuwa vimekomaa kwa grisi ya miaka na bado vilikuwa vyepesi. "Wamekiweza," alisema. "Hata ngazi ya kushoto imepinda."

Nikakiweka relini, nikafunga mabehewa yote matano, nikawasha umeme. Kikaanza kutembea. Mjomba aliinama mpaka sikio likakaribia meza, na kila kilipopita karibu naye aligeuza kichwa kukifuata. Machozi yalikuwa yananitoka na nilishukuru kwamba hayaoni, kisha nikaona aibu kwa kushukuru.

"Kisimamishe," alisema baada ya mzunguko wa tatu. Akatia mkono mfukoni akatoa ile karatasi. "Dereva akishapita, karatasi inarudi kwa aliyeitoa. Shika."

Niliifungua. Upande mmoja mwandiko wangu, mia na thelathini na tisa. Nikaigeuza. Nyuma yake, kwa kalamu nene na herufi zilizopishana, alikuwa ameandika mia na hamsini na moja.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Nilipotoka kwako nilimwuliza mlinzi wa benki." Alikuwa anaongea polepole, bila kelele. "Nilikasirika siku tatu. Ya nne nikaona hasira zinanila siku, na siku zenyewe sina. Lakini sikiliza, Bibi Bei. Mimi sasa nitakuwa naambiwa kila kitu. Nitaambiwa kama shati ni safi, kama fedha ni mia au elfu, kama mtu aliyeingia ni nani. Nikiambiwa uongo hata wa kunipenda, sina pa kusimama. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mjomba."

"Haya. Nisomee ubavuni. Kinasemaje?"

Ningeweza. Hakuna mtu mwingine chumbani, hakuna mlinzi wa benki wa kuulizwa, na rangi ile haipapasiki. Maneno yalikuwa tayari mdomoni na yangempa furaha ambayo hakuna ambaye angemnyang'anya. Nikajikaza.

"Mia mbili na nane," nikasema. "Chako kilikwisha tulipokuwa tunangoja bei. Muuzaji aliniambia, nikakuficha."

Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, imefunguka.

"Nilitaka changu," alisema hatimaye. "Nilikitaka sana."

"Najua. Nisamehe."

"Mia mbili na nane kilikuwa cha rafiki yangu Mrefu. Kilikuwa kinavuja mafuta kama pua ya mtoto. Nilimtania miaka yote." Alifuta uso kwa mkono wa shati. Hakusema kwamba amenisamehe, na mpaka leo sijui. "Lete kalamu. Andika. Kichwa namba mia mbili na nane, kimefika saa kumi na dakika ishirini. Tia sahihi."

Nikaandika, nikatia sahihi, na safari hii ilikuwa yangu. Nikamwekea karatasi kiganjani. Aliikunja mara mbili akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Zungusha," alisema. "Uniambie kinapopita."

Nikawasha umeme nikamwambia. Stesheni ya kwanza, ya pili, kona, stesheni ya tatu. Behewa la mwisho lilipoacha reli pale darajani, nilimwambia na hilo.