Zamu ya Mama Rehema

Kanga mpya ambayo haijaonja maji ina harufu yake. Ni harufu ya wanga, rangi na mafuta ya mashine, inayong'ang'ania puani hata ukipiga chafya. Mimi nauza vitambaa mtaa wa Gongoni, kwa hiyo harufu hiyo ndiyo inayonilisha na sina ugomvi nayo. Ila msimu wa uchaguzi ukikaribia, vijana wakashusha robota la kanga za chama mbele ya duka la jirani na kulipasua kwa kisu, siwezi kuistahimili. Hufunga mlango nusu nikasingizia vumbi. Wateja wanadhani nina mzio. Ninyi nitawaambia ukweli, maana najua hamtayapeleka maneno haya kwa mtu.

Tulikuwa tunakaa Itetemia, pale ambapo mji wa Tabora unachoka na mashamba yanaanza. Nyumba yetu na ya Mama Rehema zilitazamana, katikati pakiwa na njia ya mchanga ambayo mchana wa Septemba iliunguza nyayo. Mama yangu alikuwa Mkatoliki wa kusali rozari huku anapepeta karanga. Mama Rehema alikuwa Mwislamu, mke wa fundi cherehani. Binti yake Rehema tulikuwa darasa moja, na michembe ya kwao, vile viazi vitamu vya kukausha, ilikuwa mitamu kuliko ya kwetu, ingawa viazi vilitoka shamba moja. Mimi ndiye Shija, jina la mtoto anayefuata mapacha, ingawa mapacha wetu hawakuishi, na kwa jina langu Mama akaitwa Mama Shija. Kulikuwa na chekeche iliyovuka ile njia mara nyingi mpaka hakuna aliyekumbuka ni ya nani.

Wanawake hawa wawili walikuwa mahasimu, lakini wa uwanjani tu. Kila kiangazi, mavuno yakishaingia ndani, vikundi viwili vya ngoma vya akina mama vilishindana. Mama aliongoza kimoja, Mama Rehema kingine. Kazi ya kiongozi ilikuwa kumwanika mwenzake kwa nyimbo: ugali wake una madonge, mumewe anajipikia, akikoroga uji mbwa wanahama mtaa. Watu walijua ni uongo, na uongo ulivyozidi ndivyo vigelegele vilivyozidi. Sheria ilikuwa kwamba mmoja akiimba mwingine anakaa kimya mpaka mwisho, kisha zamu inahama. Watazamaji walipiga kura kwa miguu. Aliyewachekesha zaidi walihamia kwake, na aliyebaki na watu wachache ndiye aliyeshindwa. Jioni aliyeshindwa alisonga ugali, mshindi akatafuta kuku, wakala sinia moja huku wakirudia matusi ya mchana na kugongana mabega kwa kicheko.

Katibu wa tawi la chama alikuja kumsikia Mama kwenye ngoma hizo. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti laini na kalamu mbili mfukoni, na alikuja nyumbani kesho yake, asubuhi kabisa.

"Mama Shija," alisema, "sauti hii unaipoteza kwenye karanga."

Mama alicheka kwa haya. Baada ya muda mfupi alikuwa na kadi, doti ya kanga na cheo cha mhamasishaji wa tawi. Siwezi kumlaumu kwa furaha yake. Alikuwa ameishia darasa la nne, na maisha yake yote watu walimwita wanapohitaji mikono yake. Sasa aliitwa kwa jina, akapewa kiti cha plastiki mstari wa mbele, na wanaume wenye mashati ya kupiga pasi wakampisha. Alizipiga pasi zile kanga kwa pasi ya mkaa, pole pole, kana kwamba zingeumia. Nyumba nzima ikajaa ile harufu.

Baba, ambaye alitengeneza baiskeli na kuongea pale tu spoku zilipomkorofisha, hakupendezwa. "Babu zako walibeba pembe za ndovu za wenyewe mpaka pwani," alimwambia, "wakarudi na makovu ya mabega. Na wewe umepata mzigo wako." Mama alimjibu kwamba wivu haukazi mnyororo. Tukacheka, na Baba naye akacheka.

Ukafika uchaguzi wa mitaa. Chama cha upande wa pili kikamsimamisha Mama Rehema agombee uenyekiti wa mtaa. Hakuna aliyeshangaa. Ni yeye aliyesuluhisha wanandoa, ni yeye aliyeosha maiti za wanawake wa Kiislamu, na ni yeye aliyejua ni nani mtaani amelala na njaa. Katibu akaja tena, safari hii bila kukaa. "Mkutano wa Jumamosi," alisema, "tunataka umwimbe yule jirani yako."

Nawaomba mnisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo watu hukosea wanaponihukumia mama yangu. Mama hakuona ubaya wowote. Kumwimba Mama Rehema ilikuwa kazi yake ya kila kiangazi. Aliona chama kimemletea ngoma nyingine, yenye spika kubwa na watu wengi zaidi. Ijumaa jioni alivuka njia kwenda kumpa mwenzake taarifa, kama walivyozoea, na mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba chekeche.

"Mwenzangu, kesho nakuanika," alisema Mama.

Mama Rehema alikuwa anachambua mchicha. "Nianike," akasema bila kuinua kichwa. "Ila ujue na mimi mdomo ninao."

"Ndiyo maana nimekuja. Jiandae."

"Mimi sijiandai na wewe. Wewe nakujibu hata nikiwa na homa."

Wakacheka mpaka Mama akashika nguzo ya kibaraza.

Wimbo alioutunga ulihusu jogoo wetu. Jogoo huyo alikuwepo kweli. Mwezi mmoja nyuma alikuwa amegongwa na baiskeli njiani, na mume wa Mama Rehema akamuwahi kwa kisu, akasema bismillahi kabla hajakata roho, ili nyumba zote mbili ziweze kumla. Alipikwa jikoni kwa Mama Rehema, tukamla wote. Sasa Mama akamgeuza kuwa wimbo:

*Mama Rehema eee, jogoo wangu yuko wapi?*
*Asubuhi kawika kwangu, jioni ananukia kwako!*

Jumamosi uwanja ulijaa. Spika zilikuwa juu ya pikapu, vumbi jekundu limetanda, na wauza karanga wanapita katikati ya watu. Sisi watoto wa waimbaji tulikuwa mbele, tukiitikia. Mama aliimba kama sijawahi kumsikia. Kipaza sauti kiliichukua sauti yake kikaipeleka mpaka barabara kuu, na watu wakaangua kicheko. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Kisha nikasikia njuga. Mama Rehema alikuwa amekuja. Alikuwa amesimama pembeni na wanawake watatu wa kikundi chake, amevaa nguo zake za ngoma na njuga miguuni, mikono nyuma, kimya mpaka wimbo ulipokwisha. Ulipokwisha akaingia uwanjani kwa ile hatua yake ya madaha, shingo imenyooka, tabasamu limeshaanza. Wazee wachache waliojua kinachokuja wakaanza kupiga vigelegele.

Vijana wenye fulana za chama wakamzuia.

"Huu si mkutano wenu, mama."

"Sikuja mkutanoni," alisema Mama Rehema. "Nimekuja kujibu."

Mmoja akamshika mkono. Mwingine akamsukuma, si kwa nguvu sana, lakini njuga zilimfanya ayumbe, akaanguka goti moja mchangani. Baadhi ya watu wakacheka, wale ambao hawakuwa wa mtaa wetu. Mama akamgeukia Katibu. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake, kwa hiyo sote tulimsikia: "Mwacheni apite, ni zamu yake."

Katibu akakichukua kile kipaza sauti kwa upole, kama mtu anayempokea mgeni mzigo. "Mama Shija, siasa haina zamu," alisema. Kisha akawageukia watu. "Wananchi, mmesikia kwa masikio yenu! Jirani yake mwenyewe, anayekaa naye mlango kwa mlango, anasema ni mwizi wa kuku. Mtamkabidhi huyu mhuri wa mtaa?" Watu wakaguna. Akamrudishia Mama kipaza sauti. "Rudia, Mama. Rudia wasikie na wa nyuma."

Mama akarudia. Sauti ilitetemeka mwanzoni, halafu ikanyooka.

Hata hivyo aliamini jioni ingemaliza yote. Alichinjisha kuku kwa Mwislamu mmoja wa mtaani, akampika kwa karanga, akamfunika kwa kawa, tukavuka njia. Mlango wa Mama Rehema ulikuwa wazi na yeye amesimama katikati yake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kama siku zote. Hakutukaribisha.

"Mama Shija," alisema, "hivi mimi nimeshindwa na nani?"

"Mwenzangu, ni yule Katibu. Mimi nilimwambia akuache."

"Nilikusikia. Na ulipoambiwa urudie, ulirudia."

Mama Rehema alimtazama yule kuku chini ya kawa, akatutakia usiku mwema, akafunga mlango taratibu. Tulirudi nyumbani tukala wenyewe. Baba alikataa hata mchuzi. Mimi nilikula, na moyoni nikasema Mama Rehema hajui kushindwa, ameona watu wengi upande wetu basi amenuna. Ndivyo nilivyoelewa mambo kwa akili yangu ya wakati ule.

Wimbo ulikuwa umerekodiwa, pamoja na maneno ya Katibu. Gari la matangazo liliuzungusha mpaka siku ya kupiga kura, Gongoni, sokoni, hata mitaa ambayo haikumjua Mama Rehema kwa sura. Hawakujua ngoma zetu. Walisikia mwanamke analia kuhusu jogoo wake, na kiongozi anasema mwizi. Kura zilipohesabiwa, Mama Rehema hakupata kitu. Shuleni wanafunzi wakaanza kumwikia Rehema. Akiinuka kujibu swali, nyuma ya darasa mtu anawika, na mwalimu anajifanya hasikii. Kabla mvua hazijaanza, fundi cherehani alifunga mashine yake kwenye turubai, wakahamia Sikonge kwa wajomba zao waliokuwa wakilina asali. Rehema hakuniaga. Ile chekeche ilibaki kwetu, na Mama aliacha kuitumia.

Mnaweza kudhani angalau chama kilimlipa fadhila. Katibu akawa diwani, akaanza kupita na gari lenye vioo vyeusi, na vumbi lake lilitua kwenye karanga zetu tulizoanika. Nafasi ya uongozi wa akina mama aliyoahidiwa Mama ilienda kwa shemeji wa mtu. Yeye aliendelea kupika kwenye ugeni, kuimba jua kali, kupewa kanga nyingine. Sauti ilipoanza kukwaruza, wakaleta kijana mwenye kompyuta ya muziki, na Mama akaambiwa apumzike, amefanya mengi. Ngoma za kiangazi nazo zilikufa. Kila kiongozi aliyejaribu kumwanika mwenzake alijikuta watu wanaulizana yeye ni wa chama gani. Nina hasira na jambo hilo mpaka leo, na sioni sababu ya kuificha.

Mwaka jana nilikwenda Sikonge kumnunulia mteja asali. Mwanamke aliyekuwa anachuja masega aliinua uso, tukatazamana. Rehema. Tulikuwa tumezeeka, lakini kucheka kwake kulikuwa kulekule. Aliniambia mama yake alifariki zamani. Tukakaa kwenye magogo, tukaongea kila kitu isipokuwa kile. Nilipokuwa nafunga madumu kwenye pikipiki ndipo nikamuuliza kama mama yake aliwahi kusema angejibu nini siku ile.

"Aliniimbia mimi," Rehema alisema. "Usiku ule ule, baada ya ninyi kuondoka na kuku wenu. Halafu hakuimba tena." Akafuta mikono, akaimba kwa sauti ndogo:

*Jogoo nimemla, sikatai, mbele ya watu nasema;*
*Paja kalitafuna nani? Mama Shija, futa mdomo!*

Nilicheka kabla sijaweza kujizuia, na Rehema akacheka. Siku ile uwanja mzima ungeanguka kwa kicheko. Watu wangeelewa palepale kwamba jogoo aliliwa na wote, kwamba hapa hakuna mwizi, kuna majirani wawili wenye midomo. Kwa miaka mingi niliamini wimbo wa mama yangu ndio uliomwangamiza yule mwanamke. Nimechelewa kuelewa kwamba wimbo haukuwa na kosa. Ulikuwa nusu, na nusu yake ya pili ilishikwa mkono na vijana wenye fulana.

Nilirudi Itetemia jioni. Mama sasa ni bibi kizee, macho yake yana ukungu, lakini masikio yapo. Niliketi karibu yake nikamwimbia ubeti ule, polepole, maneno yote. Nilidhani angecheka. Midomo yake ikatembea kama anaujaribu mwenyewe.

"Angenishinda," alisema mwishoni. "Watu wote wangehamia kwake. Mimi ningebaki na Katibu peke yake."