TV Iliyokataa Kuhama Tassia

Remoti ya TV yangu niliiuza mimi mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, na nikamshukuru aliyeinunua. Mimi huuza mikoba ya mitumba katika soko la Muthurwa, Nairobi. Binti yangu alikuwa nyumbani kwa likizo, na kama wazazi wengi wa mtaani nilikuwa na desturi ya kutoka asubuhi na remoti ili mtoto asome, badala ya kukodolea macho vipindi kutwa nzima. Kibandani niliificha ndani ya mkoba wa kahawia uliokuwa umening'inia nyuma kabisa, mkoba wenye zipu mbovu ambao niliamini hakuna mwanamke mwenye akili timamu atakayeutaka. Basi akaja mmoja mwenye haraka, akaupenda huo huo. Nilifurahi mno kuondokewa na lile balaa hata nikasahau kilichokuwemo. Hadi leo kuna mama fulani Nairobi anayetembea na remoti yangu, na sijui anaifanyia nini.

Binti yangu alipopata habari alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hasira ya kujikosea mwenyewe haina wa kutupiwa.

Wakati huo tulikuwa tukiishi mtaa wa Tassia, na kukosa remoti hakukutusumbua sana. TV ilikuwa imeshaunganishwa na Wi-Fi ya jirani yangu wa nyumba nambari kumi na mbili, mama wa mapacha, na simu yangu ilikuwa kwenye Wi-Fi hiyo hiyo, kwa hiyo niliigeuza simu kuwa remoti na maisha yakaendelea. Pale tulizoea kushirikiana Wi-Fi kama tulivyoshirikiana kamba za nguo juu ya paa. Ila neno la siri Mama Mapacha hakumpa mtu. Alikuja mwenyewe, akakupa mgongo, akaliandika kwenye TV na kwenye simu, akaondoka. Alisema ukimpa mtu mmoja, kufikia jioni ghorofa nzima inalo. Alisema kweli.

Kilichotutenganisha ni hizo hizo kamba za nguo. Mimi mikoba yangu huiosha kwanza ndipo niiuze, na siku moja nilianika mkoba mwekundu juu ya mashati meupe ya shule ya mapacha. Rangi ikachuruzika. Mama Mapacha akaja mlangoni na mashati mawili yenye madoa ya waridi, akasema neno, nami nikajibu maneno kumi. Nilimwambia kama hataki majirani ajenge kwake. Nililisema hilo mbele ya watu, kwenye ngazi. Miezi miwili baadaye nikahamia mtaa wa Kayole bila kumuaga, na nikamfungia kwenye simu asiweze kunipigia. Nilijiambia nimemaliza kesi.

Kayole nikaweka Wi-Fi yangu mwenyewe. Hapo ndipo TV ikanigeuka. Ili simu iwe remoti, lazima TV iwe kwenye Wi-Fi ya nyumba; na ili TV iingie kwenye Wi-Fi ya nyumba, lazima uwe na remoti. Ni sawa na kuambiwa ufunguo wa mlango uko ndani ya nyumba iliyofungwa. Nilinunua remoti mbili za barabarani na zote hazikusikilizana nayo. Simu ya zamani, iliyokuwa imelihifadhi lile neno la siri, ilikuwa imefia ndani ya ndoo ya maji ya kuoshea mikoba. Basi tukabaki na kitufe kimoja cha chini ya TV, cha kuwasha na kubadilisha stesheni za antena, na tukaridhika na taarifa ya habari.

Ningeendelea kuridhika kama si mama yangu.

Mama alikuja kukaa nami baada ya kuanguka na kuvunjika nyonga. Macho yake nayo yalikuwa na mtoto wa jicho na alikuwa akingoja kupasuliwa. Ukimpa simu atazame picha, anaona kitu kinatembea, hajui ni mtu au ni mbuzi. TV aliiona, mradi umsogezee kiti hadi hatua mbili kutoka kwenye kioo. Na mama huyu si wa kukaa tu. Ujana wake aliumalizia kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa reli, akicheza voliboli katika timu ya akina mama. Binti yangu alipoanza kutembea, mama alimtengenezea mpira wa soksi na kamba ya nguo ikawa wavu. Mimi mpira sikuujua wala sikuutaka. Ulinipita, ukaenda kwa mjukuu.

Sasa binti yangu anasoma shule ya bweni huko magharibi, na mwaka huo timu ya shule yake ilifika fainali. Ijumaa jioni alinipigia kwa simu ya mwalimu wake. Hakuniuliza hali. "Mum, kesho saa tano. Itakuwa live kwa internet, si kwa TV ya kawaida. Mwambie shosho aniangalie. Umwambie, Mum, usisahau."

Nilimwambia mama. Akasema, "Hajawahi kucheza nikimwona tangu alipoenda huko." Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu, ningejitetea.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa nimeshaivua TV ukutani na kuilaza kitandani nikitafuta vitufe vingine. Havikuwepo. Nikampigia fundi. "Niko site, mathe," akasema, "nitakam Monday." Nikamwambia Jumatatu nitakuwa nimeitupa dirishani, nikakata. Nikairudisha TV ukutani, nikaiwasha, nikasimama mbele yake mikono kiunoni kama ninayemngoja mdeni.

Na ndipo nilipoona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu mwaka mzima. Kila ilipowashwa, kwenye kona ya kioo palitokea maandishi madogo kwa muda mfupi tu: inatafuta NEEMA YA NAMBA 12. Hilo ndilo jina ambalo Mama Mapacha alikuwa ameipa Wi-Fi yake. TV yangu ilikuwa Kayole kwa mwili tu. Kila asubuhi iliita jina la Tassia, ikakosa jibu, ikanyamaza.

Nikarudi chumbani, nikakaa kitandani nikafikiri. Nilipobadilisha simu niliipa ile mpya jina na neno la siri vilevile vya zamani vya kugawia intaneti, na simu ya binti yangu ikajiunga yenyewe bila kuuliza. Haikujua simu imebadilika. Ilijua jina na neno la siri, basi. Sasa, kama Wi-Fi yangu ya Kayole nitaibatiza jina la ile ya Tassia, na kuipa neno lile lile la siri, TV itajuaje kuwa imedanganywa? Niliruka nikapiga makofi peke yangu. Jina ninalo. Neno la siri analo mtu mmoja tu duniani.

Furaha ikaniisha.

Mama alikuwa akinisikiliza kutoka sebuleni. "Umepata njia?" akauliza.

"Nimepata. Lakini inapitia kwa yule mama wa Tassia."

"Si umpigie?"

"Mama, unajua tulivyoachana."

"Najua. Ulinisimulia ukijisifu." Akarekebisha mto wa nyonga yake. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Saa ngapi sasa?"

Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Nikamfungulia Mama Mapacha kwenye simu, nikampigia. Nilikuwa nimetunga hadithi nzuri ya kuanzia, ya salamu na afya ya watoto. Alipopokea nilisikia nyuma yake maji na mtu akikamua nguo.

"Haloo, nani?"

"Mama Mapacha, ni mimi. Jirani wako wa kumi na tatu."

"Wa mikoba?"

"Huyo huyo." Hadithi yangu nzuri ikanitoka kichwani yote. "Nilikukosea na yale mashati. Nilijua ule mkoba unatoa rangi, na bado nikauanika pale. Halafu nikakutukana kwa ngazi."

"Mwaka mzima," akasema polepole, "na leo ndio umekumbuka?"

"Leo niko na shida."

Nikasikia akicheka, kicheko cha tumbo, kile nilichokuwa nikikisikia kupitia ukutani Tassia na kikiniudhi. "Haki wewe! Angalau hudanganyi. Sema shida."

Nikamwambia yote, hata la kuuza remoti, ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote wa nje. Alicheka tena akaniomba nirudie hapo pa mkoba. Kisha akasema, "Lakini ile password nilibadilisha ulipohama. Nilikuwa na hasira na wewe."

"Sitaki ya sasa. Nataka ya zamani."

"Ya zamani nani anakumbuka? Ngoja." Nikasikia droo zikifunguliwa, mtoto akikemewa, vitu vikianguka. Saa nne na nusu. Mama alikuwa ameshasogeza kiti chake mwenyewe hadi mbele ya TV, na nyonga ile, bila kuniita. Aliketi mbele ya kioo cheusi mikono mapajani. Nilimwona akiwa hivyo na nikaapa kuwa ikishindikana nitamtangazia mpira wote nikiutazama kwenye simu, mimi nisiyejua hata sheria zake.

"Nimepata!" Mama Mapacha akapiga kelele. "Iko nyuma ya kitabu cha kliniki cha mapacha. Andika."

Nikaandika kwenye kiganja. Tarehe ya kuzaliwa mapacha, na mbele yake neno moja la kwao ambalo sitaliweka hapa, maana nimeahidi. Nikafungua mipangilio ya kisanduku changu cha Wi-Fi kwenye simu, jinsi kijana aliyekifunga alivyokuwa amenionyesha. Nikafuta jina langu. Nikaandika NEEMA YA NAMBA 12. Nikaandika neno la siri. Kisanduku kikazima taa zake zote kikaanza kuziwasha moja moja, na mimi nikahesabu kila moja. Kisha nikainama chini ya TV nikabonyeza kile kitufe.

Jina likatokea kwenye kona. Inatafuta. Inatafuta.

Imeunganishwa.

Nilipiga kigelegele ambacho mpangaji wa juu alijibu kwa kugonga sakafu. "Imeingia?" Mama Mapacha akauliza simuni. "Imeingia! Imeingia, Mama Mapacha!" Naye akapiga chake kutoka Tassia, mapacha wakadakia. Nikaiingiza simu yangu kwenye Wi-Fi hiyo hiyo, ikaiona TV, TV ikanionyesha tarakimu nne za kuthibitisha, nikaziandika, na mishale ya remoti ikatokea mkononi mwangu. Nilisogeza juu, ikasogea juu. Nilisogeza chini, ikasogea chini. Sijawahi kutiiwa hivyo na kitu chochote nilichokinunua. Mwanamke wa mikoba, bila fundi, bila remoti, nimeidanganya mashine ikaamini imerudi Tassia! Niliwaza watu wote wanaosema teknolojia ni ya vijana, nikawasikitikia.

Mama Mapacha akaniambia nimtumie anwani ya mtandaoni ya mechi naye atazame. Nikamtumia. Tukakubaliana Jumapili inayofuata atakuja Kayole, na nilinunua mashati mawili meupe kabla hajafika.

Saa tano na dakika nne tulikuwa ndani ya ukumbi wa mechi, kupitia kioo cha TV. Niseme sasa ili msihangaike: walishinda, seti tatu kwa mbili, na nilipoteza sauti kwa siku nne. Lakini si hilo ninalolikumbuka zaidi.

Picha haikuwa safi. Mchezaji mmoja mmoja ungemtambua kwa shida, wote wamenyolewa, wote wana jezi ya kijani, wote warefu. Binti yangu siku zote alivaa namba saba, kwa hiyo nilisimama mbele ya TV na kumshangilia namba saba. Alipiga, nikaruka. Akakosa, nikamtetea. Hivyo kwa dakika kumi nzima, mimi mama mzazi, mwenye macho mawili mazima.

"Unamshangilia nani?" mama akauliza.

"Mtoto, Mama! Si huyo namba saba!"

"Huyo si wetu." Alikuwa ameinama mbele kitini, na kidole chake kilimfuata msichana mwingine upande wa kushoto, namba kumi na moja, aliyekuwa akirudi nyuma hatua tatu. "Wetu ni yule. Ngoja. Ataanza na mguu wa kushoto, nilimkanya akakataa. Ngoja... sasa!"

Msichana akaanza na mguu wa kushoto, akapaa, akaupiga mpira chini ukumbi ukalipuka. Alipogeuka kukumbatiwa na wenzake kamera ikamsogelea, na ulikuwa uso wa mtoto wangu, umelowa jasho, unacheka. Walikuwa wamembadilishia namba na hakuna aliyeniambia. Mama hakuhitaji namba. Nilimgeukia na machozi yalikuwa yakinitoka, nikataka kumwambia kitu kikubwa, sijui hata nini. Hakunitazama. Alinisukuma kiunoni kwa mkono wenye nguvu nilizodhani zilishamwisha.

"Kaa chini," akasema. "Unanizibia mtoto."