Mama Mkwe, Gunia la Ndengu na Injini Iliyochemka

Injini za pikipiki zetu hazina rejeta. Hazina maji wala feni. Zina mapezi ya chuma ubavuni, basi, na kazi ya kuzipoza imeachiwa upepo. Nilipoanza boda pale Kibwezi, waliotutangulia stejini walituambia kwamba injini hii hula petroli lakini hunywa upepo, na ukiinyima itakuaibisha mbele ya watu. Mimi ilingoja iniaibishe mbele ya mama mkwe.

Nilikuwa nimeoa Tseikuru. Wenzangu wa Kibwezi walinicheka sana: mtu anatoka juani kwenda kuoa juani? Mke wangu nami tulihamia Mwingi, katikati ya kwao na kwetu, nikaendelea na boda. Asubuhi moja ya Februari uchungu wa mimba yetu ya kwanza ukamshika, nikampeleka hospitalini. Muuguzi akasema bado kuna masaa mengi. Mke wangu ni mtu asiyeogopa hata nyoka, lakini siku hiyo alinishika shati akakataa kuliachia.

"Enda uniletee mum," alisema. "Usikuje bila yeye."

Gari la kutoka Tseikuru huondoka kabla ya kupambazuka, na siku hiyo lilikuwa limeshapita. Jirani yetu akakubali kubaki naye, nami nikawasha pikipiki.

Kwetu Wakamba kuna nthoni, ile haya ya heshima kati ya mtu na mama mkwe wake. Hamketi karibu, hamtazamani usoni, na mkikutana njiani mmoja hupata ghafla sababu ya kupitia kichakani. Vijana wengi wameiacha. Mama mkwe wangu ni kiongozi wa akina mama kanisani kwao, anahubiri bila woga, lakini nthoni hakuiacha hata chembe. Tangu nimwoe binti yake hakuwahi kunisemesha moja kwa moja. Salamu zake zilinifikia kupitia mtu mwingine, hata nikiwa nimeketi katika sebule hiyohiyo. Sasa ilibidi apande nyuma yangu hadi Mwingi.

Nilimkuta ameshajiandaa, maana binti yake alikuwa amempigia simu. Alitoka nyumbani akiburuta gunia la ndengu, nusu gunia na zaidi, akalisimamisha kando ya pikipiki. Akatafuta mtu wa kumtuma maneno, akakosa. Hapo akaigeukia pikipiki.

"Wewe pikipiki," akasema, "ambia mwenye wewe hii ikae katikati."

Tukaondoka hivyo. Mimi nilikuwa karibu kukalia tangi, gunia likawa katikati kama ukuta, na mama alikuwa nyuma kabisa juu ya keria, ameshika kamba ya gunia kwa mkono mmoja na kyondo chake, kikapu cha mkonge, kwa mwingine.

Saa sita ilikuwa imepita. Barabara ile ina mahali pa mchanga mwingi ambapo gia ni ya kwanza na ya pili tu, na siku hiyo upepo ulivuma kutoka nyuma. Upepo wa nyuma ni mbaya kuliko kukosa upepo, maana mnasafiri nao pamoja na haugusi injini. Kabla hatujafika mbali nilianza kuhisi joto kwenye mashavu ya miguu, halafu harufu ya oil inayoungua, halafu injini ikaanza kugonga kama mtu anayetwanga akiwa na hasira. Nikasimama.

Mbele ya injini nilikuwa nimefunga raba pana ya kuzuia matope, yenye mistari myekundu na maandishi YESU NI NGAO. Matope kwetu ni ya siku chache kwa mwaka, lakini boda bila raba ni bwana harusi bila koti. Inaziba upepo, kila mwendeshaji anajua, na kila mwendeshaji anayo. Nikatoa spana, nikaifungua, nikaitupa chini.

"Pikipiki," sauti ikatoka nyuma ya gunia, "ambia huyo jina la Yesu haitupwi kwa mchanga."

Akashuka, akaipangusa vumbi kwa leso, akaikunja na kuitia kwenye kyondo. Baada ya kupumzika kidogo tukaendelea.

Raba ilisaidia, lakini si sana. Kwenye kilima kirefu injini ikaishiwa nguvu, ikakohoa, ikazima. Niliinama nikachomoa kijiti cha oil. Oil ilikuwepo, ila nyepesi kama chai ya rangi. Nilipoinua kichwa nikamwona mama ameinamia injini na mtungi wetu wa maji ya kunywa, ule niliokuwa nimeufunga kwenye usukani, kifuniko ameshafungua, ameanza kuuinamisha. Alitaka kusaidia. Lakini chuma chenye moto ule ukikimwagia maji baridi hupasuka, na Kibwezi niliwahi kuona silinda ikiharibiwa na kopo moja tu.

"Mama! Wacha!" nikapiga kelele, nikamdaka mkono.

Nimemfokea mama mkwe, na bado nimemshika mkono. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Yeye alitazama mkono wake, akatazama mahali nilipomshika, kisha akaigeukia pikipiki taratibu.

"Pikipiki, kwani ukiwa na kiu wewe hunywa nini?"

Sijui nilipata wapi ujasiri. "Pikipiki," nikasema, "ambia mama wewe hunywa upepo."

Akacheka. Alicheka mpaka akaweka mtungi chini, nami nikacheka kwa sababu nilikuwa bado hai. Tukaisukuma pikipiki hadi chini ya mgunga, tukaigeuza uso upande wa upepo. Mama alichovya ncha za vidole kwenye maji, akarusha matone mawili matatu juu ya mapezi, kama apimavyo kikaango kabla ya kutupia chapati. Matone yakaruka na kulia tsss.

"Bado," akaiambia pikipiki.

Hapo ndipo simu yangu ilipolia. Mke wangu alikuwa anapumua kwa shida.

"Mko wapi?"

"Tuko karibu," nikadanganya.

"Mimi siwezi peke yangu. Unasikia? Siwezi. Mum ako?"

Nikaiweka simu juu ya gunia, mama akaichukua hapo. Alisikiliza muda mrefu. "Mwana wakwa, niko njiani," alimwambia binti yake, na simu ilipokatika kicheko chote kilikuwa kimemtoka usoni. Alitazama barabara, akatazama injini, kisha akanitazama mimi machoni kwa mara ya kwanza.

"Ni mzigo gani unachosha hii kitu?"

Utamwambiaje mama mkwe kwamba mzigo wenyewe ni heshima yake? Nikalionyesha gunia kwa kidevu tu.

Lisilo budi hutendwa. Alifungua kamba mwenyewe, tukalibiringisha gunia hadi kwenye shina la mgunga.

"Wataiba," nikasema.

"Mwenye njaa apike."

Akarusha tena matone. Safari hii yalitulia, yakakauka polepole. Akapanda, akakaa palepale nyuma yangu, akanishika mabega kwa mikono yote miwili.

"Endesha," alisema. "Lakini usiiue."

Moyo ulinituma nivute mafuta hadi mwisho. Nilikuwa naogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu, nikimfikiria msichana wa watu peke yake kule. Lakini nilijua nikivuta tutalala porini. Kwa hiyo nilikwenda kwa mwendo wa wastani, sikushikilia klachi, na kila kivuli kizuri nilisimama kabla injini haijaanza kugonga. Mama alishuka, akarusha matone, akatoa hukumu. Kwenye vilima alishuka bila kuambiwa, akapanda kwa miguu, leso kiunoni, akanikuta juu akihema. "Twende, twende!" ndiyo maneno yaliyobaki kati yetu, na tuliyasema uso kwa uso.

Jua lilikuwa limeinama tulipoingia Mwingi. Getini mwa hospitali aliruka kabla sijasimama vizuri, akakimbia. Mimi nilizuiwa mlangoni. Aliruhusiwa mmoja tu. Nikaketi chini kando ya pikipiki, chuma kikilia tik, tik kwa kupoa.

Wodini wanawake walikuwa wanalia kwa uchungu, na sikuweza kujua yupi ni wangu. Halafu kukawa kimya kirefu ambacho sitaki kukikumbuka. Halafu mtoto akalia. Watoto pale ni wengi, nikajizuia kufurahi.

Ndipo vigelegele vikapasua jengo lile.

"Mama, hapa ni hospitali!" muuguzi akakemea.

Vikarudi, virefu zaidi. Dirisha likafunguliwa na mama mkwe akajitokeza hadi kifuani, leso imemwanguka kichwani, akaniita mbele ya watu wote waliokuwa uani:

"Baba wa mtoto! Kuja uone msichana wako!"

Nikabaki palepale chini, nikilia kwa sauti.