Ng'ombe wa Kitambaa Hawalipi Mahari

Giza linaanza kuingia Otonglo, na Zacchaeus Oketch amekaa juu ya bati la gari la sinema, miguu ikining'inia, kipaza sauti mdomoni. Mbele yake kitambaa cheupe kimefungwa kati ya nguzo mbili za soko. Kwenye kitambaa, mzungu mwenye kofia nyeusi anashuka kwenye farasi na kutema mate.

"Mnamwona huyo?" Oketch ananguruma. "Huyo si mtu mzuri! Anasema amekuja kunywa maji tu, lakini mtazameni macho. Mama, shika mkoba wako!"

Mama mmoja muuza dagaa wa omena anaushika mkoba wake kweli. Umati unaangua kicheko. Wauza viazi wameacha magunia, fundi wa cherehani amebeba kiti chake, na watu waliopanda juu ya kuta za choo cha soko wanasukumana kama kuku.

Siku nyingine hakuna mtu Kisumu nzima mwenye raha kumshinda Oketch saa kama hii. Leo shati limemganda mgongoni. Mstari wa mbele kabisa, juu ya kigoda alichokibeba mwenyewe kutoka Kajulu, amekaa Mzee Bildad, baba mkwe wake.

Mzee huyo alikuja Manyatta, mtaa anaokaa Oketch, mwezi wa pili mwaka huu wa 1971, akamchukua binti yake Benta, na kutangaza kwamba hatarudi kwa Oketch mpaka ng'ombe wa mahari waonekane. Sasa ni mwezi wa saba. Oketch anamtaka mkewe arudi nyumbani, hana lingine analolitaka duniani, na mtu mwenye uwezo wa kumrudisha amekaa pale chini amekunja uso.

"Nilikuwa nikitazama kitambaa naona mzungu ana bunduki," anasimulia baadaye. "Nikitazama chini naona kofia ya mzee. Afadhali bunduki, yawa!"

Oketch, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, hakuzaliwa kwenye sinema. Alikuwa mswagaji, kazi ya kutembeza ng'ombe wa wachinjaji kutoka minadani hadi mjini, kwa miguu, mvua na jua. Mwaka 1965 alipita Ahero jioni na ng'ombe wa watu, akakuta gari la kampuni ya kuuza sabuni limesimama, na watu wanatazama shuka.

Kwenye shuka kulikuwa na ng'ombe. Wengi, wanene, wenye pembe za kutisha, na vijana wa kizungu wakiwaswaga kwenye vumbi.

"Nilisimama kama nimepigwa na radi," anasema. "Watu wanafanya kazi yangu! Tofauti ni kwamba wao wamekalia farasi, mimi natembea. Na katika sinema nzima hakuna askari hata mmoja aliyewauliza kibali cha mifugo. Nikasema, hiyo nchi nzuri sana."

Toka siku hiyo alinogewa. Gari likienda Maseno, yumo. Likienda Kombewa, yumo. Alikuwa akiwapigia kelele wazungu wale kutoka katikati ya watu: msipite hapo, hakuna maji, huyo dume mfungeni kwanza, mbona mnalala na ng'ombe hawana boma? Mtafsiri wa wakati ule alichoka kushindana naye. Alipopata kazi Nakuru, alimkabidhi kipaza sauti.

Kiingereza chake, anakiri bila haya, ni cha kuuliza bei. Anatafsiri kwa kutazama nyuso. Mtu akikunja uso, amekataa. Akivua kofia, anaomba radhi au anaomba mke.

Dereva wa gari hilo, Chege, mzaliwa wa Nyeri ambaye pia ndiye anayeendesha projekta, anasema hajawahi kuona mambo kama hayo. "Mimi nasikia Kiingereza kidogo," anasema Chege. "Pale mzungu anasema habari ya benki, Oketch anasema habari ya jogoo. Lakini sabuni inaisha. Sasa mimi niseme nini?"

Kazi hiyo inamlipa shilingi mia moja na sitini kwa mwezi. Mtamba mmoja mzuri sokoni anakaribia kuumeza mshahara huo wote. Kwa hiyo ng'ombe wa Benta walikuwa wakisubiri. Katika miaka sita ya ndoa Oketch alipeleka Kajulu watatu tu, na mmoja kati yao alirudishwa kwa sababu alikuwa chongo.

Balaa lenyewe lilianzia hapa hapa Otonglo mwezi wa nne. Filamu ilikuwa ya kijana aliyeswaga kundi kubwa la ng'ombe kutoka kusini mpaka kituo cha reli, akapigana na wezi njiani, akawauza, kisha akamchukua binti wa tajiri na kupotea naye mlimani. Muziki ukalia. Chege akazima taa ya projekta. Hakuna aliyeondoka.

"Na ng'ombe?" mtu mmoja akauliza.

"Zimeuzwa," Oketch akajibu.

Haya! Soko likachafuka. Wazee walisimama. Akina mama walipiga makofi ya kusikitika. Ng'ombe wote wale, kijana ametoka nao mbali, akina baba wanatazama, halafu anawauza na kumchukua msichana bure? Hiyo si ndoa, huo ni wizi, na aliyeleta wizi huo ni Oketch. Mtu mmoja alimwambia Chege awashe tena mtambo, ng'ombe warudi walipotoka.

Oketch aliona mambo yanaharibika, akashika kipaza sauti. "Samahani, nilikosea! Hazikuuzwa! Ile treni inapeleka hizo ng'ombe kwa babake msichana!"

Umati ulitulia. Ulifurahi. Ulinunua sabuni mpaka ile iliyopasuka. Kuanzia siku hiyo, kila ng'ombe aliyepita kwenye kitambaa cha Oketch, kutoka soko la Luanda mpaka Ahero, alikuwa ng'ombe wa mahari.

Habari ilifika Kajulu. Mzee Bildad aliambiwa kwamba mkwe wake, yule yule wa ng'ombe chongo, anazunguka masokoni usiku akiwahimiza vijana wa watu wapeleke mahari.

"Nilisema lazima nikasikie kwa masikio yangu," anasema mzee. Sinema alikuwa hajaiona hata siku moja. Alidhani ni mambo ya vivuli, ya watu wasio na mashamba.

Basi ndiyo hiyo jioni ya leo. Mzee amefika mapema, amemkuta mkwe wake juu ya bati, na jambo la kwanza alilosema limesikika soko zima. "Kumbe siku hizi mkwe anamsalimu mzee kutoka juu, miguu imepita kichwa changu?" Oketch ameteremka, amesalimu kwa heshima zote, amepanda tena. Na filamu, kwa bahati yake mbaya, ni ile ile ya mwezi wa nne. Kampuni ina filamu chache, zinazunguka tu.

Kundi linapotokea kwenye kitambaa, Mzee Bildad anainuka kwenye kigoda. Uso wote umefunguka.

"Hizo ni za nani?" anauliza.

"Za yule kijana, Baba," Oketch anajibu kwenye kipaza sauti.

"Zote hizo? Na hakuna hata mmoja anayekamuliwa?" Mzee anatikisa kichwa, lakini hakai tena. Anamfuata ng'ombe mmoja mwekundu kwa kidole kutoka upande huu wa kitambaa mpaka ule, na anapopotea pembeni, anachungulia nyuma ya nguzo kuona amekwenda wapi.

Halafu kinafika kipande cha barazani kwa yule tajiri. Babake msichana na yule kijana wamesimama, wanaongea. Hapo Oketch anapata wazo. Nani atajua? Mzee hajui Kiingereza. Anaifanya sauti yake nyororo.

"Babake msichana anasema: mwanangu, mimi sitaki ng'ombe. Ukimtunza binti yangu, mimi nimefurahi."

Masikini Oketch! Alisahau kwamba Otonglo nzima ilikwisha kuiona filamu hii.

"Uongo!" watu wanapaza sauti. "Mwezi wa nne ulisema anapelekewa ng'ombe!"

"Ulituambia treni!"

Na wakati huo huo, mkanda unaisha. Kitambaa kinabaki cheupe, Chege anawasha taa ili aweke mkanda mwingine, na taa inampiga Oketch usoni. Hana mzungu wa kujificha nyuma yake. Mzee Bildad amegeuka, anamtazama.

"Mwacheni," mzee anasema polepole. "Nataka kujua huyo mzungu ana mabinti wangapi mpaka anawagawa bure."

Soko linalipuka. Mama wa omena anacheka mpaka anakaa chini. Mzee ananyoosha mkono juu. "Lete hicho chombo. Kipande kilichobaki nitasema mimi."

Oketch hana la kufanya. Anateremsha kipaza sauti kwa waya, na Mzee Bildad anakipuliza kwanza kama anayepoza uji.

Kilichofuata bado kinasimuliwa Otonglo. Ng'ombe walipofika kwenye reli, mzee alianza kuwapokea. "Huyo mwekundu, nimekubali. Huyo wa pembe zimepinda, sawa. Huyo anayechechemea mrudishie babako! Kijana, polepole, mahari hailetwi mbio mbio." Mmoja alipogoma kupanda kwenye behewa, mzee alimsifu. Mzungu alipoanguka kutoka kwenye farasi, alimpa pole.

Mwishoni babake msichana alimwekea kijana mkono begani na kusema neno. Mzee Bildad alishusha kipaza sauti.

"Anasema nini?" watu wakauliza.

Mzee aliinua macho juu ya gari. "Oketch. Wewe ulisema anasema nini, huyu?"

Oketch, bila kipaza sauti, alijibu kwa sauti ambayo haikuvuka mstari wa mbele. "Nilisema amtunze, Baba."

"Anasema amtunze," mzee akatangazia soko. "Ng'ombe zimefika, sasa amtunze."

Sabuni iliisha yote. Watu walipotawanyika, mzee alikunja koti lake, akachukua kigoda chake, na kumwita mkwe wake kando. Maneno yake Oketch anayakumbuka yote.

"Hizi ng'ombe za kitambaa sijaona zikila nyasi zangu. Lete mbili zinazotembea kwa miguu yao, zenye macho yote, Benta atarudi. Zingine tutaongea. Na yale maneno uliyosema pale barazani, ya kumtunza, uje nayo pia. Hayo sikuyakataa. Lakini uyaseme wewe, usiseme ni mzungu."

Juma hili Benta amekutwa kwa babake akianika mtama. Hakuificha furaha yake, na hakuficha pia madai yake. "Amwambie baba atanitunza, ni sawa," anasema. "Lakini aanzie kwa bati. Ile nyumba ya Manyatta inavuja upande wa kitanda, tena upande wangu."

Bati limeshawekwa. Mitamba wawili wamefungwa nyuma ya nyumba, mmoja amenunuliwa kwa akiba na mwingine kwa mkopo wa Chege, ambaye amejitolea pia kuwafuata na gari akipiga ule muziki wa mwisho wa filamu. Oketch amemkatalia. Jumamosi asubuhi atawaswaga mwenyewe mpaka Kajulu kwa miguu, kama zamani.

Kinachomkosesha usingizi si safari. Kila jioni anasimama mbele ya mitamba wale na kujaribu ile sentensi moja ya kumwambia mzee. Mtu anayenguruma masoko saba, sasa ananong'ona.

"Nimewaambia hawa mara nyingi, wanatafuna tu," anasema, akimpapasa mmoja shingoni. "Miaka yote nimesema maneno ya mapenzi ya wazungu, hata sikuona taabu. Jumamosi hakuna mzungu wa kumsingizia. Nitasema kwamba nampenda, na nitasema ni mimi."